Redio Yenye Masikio: Historia ya Redio ya Motokaa

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi, andika ubaoni maneno haya manne: antena, plagi, masafa, megahezi. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Natumaini wote mmekwisha kaa, na madaftari yako wazi mbele yenu. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo ambacho kila mmoja wenu amekisikia safarini, ndani ya basi, teksi au lori, nacho ni redio ya motokaa.

Asili ya somo hili ni swali la mwenzenu mmoja. Yeye ni dereva wa teksi, na gari lake, kama mengi tuyaonayo barabarani, lilitoka Japani likiwa limekwisha tumika. Redio iliyokuja na gari ilisikia stesheni mbili tatu tu, ingawa hizo ilizisikia mpaka mbali. Basi akaweka akiba, akanunua redio mpya yenye kioo kipana na taa za rangi, na juu ya boksi lake nguvu za sauti zimeandikwa kwa tarakimu kubwa. Mjini iliimba vizuri sana. Lakini alipopata abiria wa safari ndefu, nyumba za mji zilipokwisha tu redio ikaanza kukwaruza. Na kila alipokanyaga mafuta ililia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Akaja kuniuliza: "Mwalimu, fedha zangu zimekwenda. Je, nimeibiwa, au nimekosea mwenyewe?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba asubiri kipindi cha leo, kwa sababu jibu lake ni refu, na mwanzo wake uko Marekani, karibu miaka mia moja iliyopita.

Katika miaka ya 1920 watu wa Marekani walianza kununua redio kwa wingi na kuziweka majumbani. Redio ya nyumbani ilikuwa na raha zake. Ilikaa mezani bila kutikisika. Waya wake wa kunasia mawimbi, ndio tuuitao antena, ulitandazwa juu ya paa au ukafungwa mtini. Betri zake kubwa zilikaa chini ya meza. Wenye motokaa wakatamani kusafiri na redio zao, mafundi wakajaribu, na hapo ndipo walipogundua kwamba motokaa ni mahali pabaya mno pa kuweka redio.

Kwanza, bodi ya chuma huyazuia mawimbi yasiingie ndani. Pili, gari halitulii: sasa liko mlimani, sasa bondeni, na nguvu ya mawimbi hupanda na kushuka pamoja nalo. Lakini adui mkubwa ni wa tatu, naye ni plagi.

Nitaeleza. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche za umeme zinazorukaruka katika plagi, na kila cheche hurusha mawimbi ya redio. Hili si jambo la ajabu. Mitambo ya kwanza ya kupelekea habari angani ilitumia cheche kubwa za umeme, na kwa cheche hizo Marconi alivusha alama yake ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki tarehe 12 Desemba 1901. Kwa hiyo kila injini ya petroli ni mtambo mdogo wa kutangazia kelele. Hebu tupige hesabu. Injini yenye silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupata cheche moja katika kila mizunguko miwili. Hizo ni cheche 1,500 kwa silinda moja, au 6,000 kwa silinda zote nne. Gawanya kwa 60, utapata cheche 100 katika kila sekunde. Na redio imewekwa hatua moja tu kutoka hapo, imetega sikio imsikie mtangazaji aliye maili hamsini!

Mtu aliyeifanya redio ya gari kuwa bidhaa ya dukani ni Paul Galvin wa mji wa Chicago. Biashara zake mbili za betri zilikuwa zimekwisha anguka alipoanzisha kampuni ndogo tarehe 25 Septemba 1928, pamoja na ndugu yake Joseph na wafanyakazi watano. Kazi yao ilikuwa kutengeneza kifaa cha kuiwezesha redio ya nyumbani itumie umeme wa ukutani badala ya betri. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1929, soko la hisa la New York likaanguka. Watu wakapoteza kazi, na redio za nyumbani zikawa nyingi kuliko wanunuzi. Galvin akaona kwamba akitaka kuokoka ni lazima auze kitu ambacho wengine hawana.

Mafundi wake, miongoni mwao William Lear na kijana mmoja aitwaye Elmer Wavering, wakasaidia kuitia redio katika motokaa. Mwezi wa Juni 1930 watengenezaji wa redio walikutana Atlantic City, mji wa pwani ya mashariki. Galvin hakuwa na mahali pa kuonyeshea bidhaa yake ndani ya ukumbi. Basi akaliendesha gari lake la Studebaker kutoka Chicago, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, akaliegesha nje, akafungua sauti ili kila apitaye asikie. Alirudi na oda za kutosha kuiweka hai kampuni yake. Redio ile ikaitwa Motorola, na miaka mingi baadaye kampuni yenyewe ikachukua jina hilo. Bei yake ilikuwa kati ya dola 110 na 130, wakati ambapo Ford mpya ilipatikana kwa dola zisizofika 600.

Hapo hujahesabu taabu ya kuifunga. Dashibodi ilifunguliwa, kitambaa cha dari kikachanwa ili antena ipite, na sakafu ikatobolewa ili betri za redio zipate pa kukaa. Tena si kila mtu alifurahi. Katika jimbo la Massachusetts mwaka 1930 walikuwako waliotaka redio ndani ya gari ipigwe marufuku, wakisema itampumbaza dereva. Ukiwasikiliza watu wanaobishana leo juu ya simu za mkononi barabarani, utadhani wamekariri maneno ya wazee wale.

Dawa ya cheche ilipatikana polepole. Mafundi walitia vizuizi vidogo vya umeme katika waya za plagi ili cheche ziwashe mafuta bila kupiga kelele angani. Wakafunga kapasita kwenye dainamo, na redio yenyewe wakaifungia ndani ya sanduku la chuma lililoshikwa imara na bodi. Ndugu zangu, dawa hizi hazijapitwa na wakati. Mpaka leo waya nyingi za plagi zina kizuizi ndani yake, na fundi akikutilia waya za shaba tupu kwa kuwa ni rahisi, usishangae redio yako ikiharibika sauti siku hiyo hiyo.

Ujerumani nako walikuwa kazini. Redio ya gari ya Blaupunkt ya mwaka 1932 ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 15, na bei yake ilikaribia theluthi ya bei ya gari dogo. Redio hizi zote zilitumia valvu za kioo, zenye kula umeme mwingi na kuchoka upesi kwa mtikisiko. Mwaka 1955 makampuni ya Philco na Chrysler ya Marekani yalitoa redio ya gari isiyo na valvu hata moja, ila transista tupu. Iliuzwa dola 150. Tangu hapo redio ikawa nyepesi na betri ya gari ikapumua.

Lakini kunyamazisha injini ni nusu ya kazi. Kelele nyingine hutoka mbinguni, kwa radi, na nyingine kwa mashine na nyaya za umeme. Aliyetafuta dawa ya kelele hizo ni mtu ambaye kila mwenye redio anamtumia bila kumjua. Jina lake Edwin Howard Armstrong, aliyezaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890.

Armstrong alipenda redio tangu ujana wake. Nyumbani kwao Yonkers alisimamisha mlingoti mrefu wa antena na kuukwea mwenyewe. Mwaka 1918, akiwa ofisa wa jeshi la Marekani huko Paris, alibuni njia ya kuligeuza wimbi la stesheni yoyote liwe la masafa mamoja yaliyowekwa ndani ya redio, ili lichujwe na kukuzwa vizuri. Mfaransa mmoja, Lucien Lévy, naye alidai kwamba alitangulia, wakashindana. Hata hivyo redio nyingi sana zilizotengenezwa baadaye zilifuata njia hiyo. Ipo picha ya mwaka 1923 ya Armstrong na mkewe Marion ufukweni Palm Beach, wakiwa fungateni, na kando yao redio ya sanduku aliyomtengenezea kwa zawadi ya arusi.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuja mwaka 1933. Sikilizeni vizuri hapa, na mzaliwa wa pwani atanielewa upesi. Mawimbi ya bahari unaweza kuyapima kwa njia mbili: kwa kimo chake, au kwa kuhesabu ni mangapi yafikayo ufukweni kwa dakika. Redio za zamani, zile za masafa ya kati na masafa mafupi, hubeba sauti kwa kubadili kimo cha wimbi. Radi nayo huongeza kimo. Kwa hiyo redio haiwezi kutofautisha radi na mtangazaji. Armstrong akasema, tuache kimo kama kilivyo, tubadili hesabu ya mawimbi. Redio ikate vimo vyote viwe sawa, isome hesabu peke yake, na kelele ya radi itakatwa pamoja na kilele cha wimbi. Njia hiyo ndiyo FM. Tarehe 5 Novemba 1935 aliionyesha mbele ya wahandisi wenzake mjini New York, wakashangaa jinsi sauti ilivyotoka safi.

Kampuni kubwa ya RCA ilimruhusu kwa muda kujaribu mtambo wake katika jengo la Empire State, kisha ikamtaka aondoe vyombo vyake. Moyo wa mkuu wake, David Sarnoff, ulikuwa katika televisheni. Armstrong akajenga stesheni yake kwa fedha zake, huko Alpine, New Jersey. Vita ilipokuwa ikimalizika mwaka 1945, serikali ya Marekani ikahamisha FM kutoka sehemu yake ya kati ya megahezi 42 na 50, ikaipeleka kati ya 88 na 108. Mamia ya maelfu ya redio zilizokwisha nunuliwa zikawa hazina kazi. Baadaye akaona makampuni yakitumia uvumbuzi wake bila kumlipa haki yake, akayashtaki. Kesi zikamla fedha, afya, na mwisho hata ndoa. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 alimwandikia mkewe barua, akavaa nguo zake vizuri, akajitoa uhai.

Marion hakuziacha kesi. RCA ililipa mwaka ule ule zaidi ya dola milioni moja. Akaendelea na wengine mmoja mmoja, na wa mwisho akashindwa mwaka 1967, miaka 13 baada ya mauti ya Armstrong. Kampuni hiyo ya mwisho ilikuwa Motorola, ile ile ya Paul Galvin. Mimi kila nisomapo habari hii hukaa kimya kidogo. Kampuni iliyoipa motokaa redio yake ilikuwa ya mwisho kukubali kumlipa mtu aliyeipa redio masikio.

FM haikuingia katika magari kwanza huko Marekani ilikozaliwa. Katika mkutano wa Copenhagen wa mwaka 1948, nchi za Ulaya ziligawana masafa ya kati, na Ujerumani, iliyokuwa imeshindwa vita, ikapata kidogo sana. Wajerumani wakalazimika kukimbilia FM: Munich ilianza mwaka 1949, na mwaka 1952 Blaupunkt ikatoa redio ya gari yenye FM. Shida ya kukosa ikawatangulia wenye kushiba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Marekani ilianza kutangaza FM ya stereo tarehe 1 Juni 1961, yaani sauti mbili, ya kulia na ya kushoto. Utamu huo una gharama yake: stereo huhitaji mawimbi yenye nguvu nyingi kuliko sauti moja, na mawimbi yakipungua huanza kufoka kama mafuta ya kukaangia. Redio nzuri hujirudisha taratibu katika sauti moja bila wewe kujua. Redio duni hung'ang'ania stereo mpaka usikie makelele. Miaka ya 1970 kampuni ya Pioneer ya Japani ilitoa redio za gari ilizoziita Supertuner, na sifa yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kusikia mbali na kutenganisha stesheni zilizo jirani.

Sasa tumefika Japani, na hapa ndipo tunapokutana na mwenzetu wa teksi.

Nchi nyingi duniani huweka FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani haikufanya hivyo. Walipopanga mawimbi yao, nafasi ya kuanzia 90 mpaka 108 walikuwa wameipa televisheni, chaneli ya 1, ya 2 na ya 3. FM yao ikabidi ikae chini yake, kuanzia 76 mpaka 90. Televisheni hiyo ya zamani ilizimwa mwaka 2011, isipokuwa katika mikoa michache iliyopigwa na tsunami, ambako iliendelea mpaka 2012. Na tangu 2014 FM yao imepanda mpaka karibu 95. Lakini magari mengi yaliyofika kwetu yalitengenezwa na redio za mpango wa zamani. Ndiyo sababu redio ya mwenzetu ilisikia stesheni mbili tatu tu. Haikuwa mbovu. Masikio yake yalifika 90 yakakoma.

Wengine hutatua jambo hili kwa kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda, kinachofungwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kutoa. Chukua ekspanda ya 14: stesheni iliyo 100 itaonekana katika redio kwenye 86, maana 100 toa 14 ni 86. Lakini redio inaanza 76 na kuishia 90. Ongeza 14 pande zote mbili, utaona kwamba utasikia kuanzia 90 mpaka 104 tu. Iliyo 106 hutaipata ng'o. Kisanduku ni cha bei nafuu, na kwa mtu asiye na fedha si kibaya, mradi ajue hesabu hii kabla ya kununua.

Anayetaka redio mpya asianze na taa wala nguvu za sauti. Nguvu za sauti hazimsaidii mtu kusikia mbali. Hukuza tu kile kilichokwisha kusikika, pamoja na mikwaruzo yake. Aombe karatasi ya maelezo. Akute FM imeandikwa mpaka 108. Kama anasikiliza masafa ya kati, ahakikishe yamo, maana redio nyingi za kioo kikubwa hazina. Aulize kama redio inaweza kupangwa kwa eneo letu, kwani iliyopangwa kwa Marekani huruka hatua za 0.2, kutoka 88.1 mpaka 88.3, ikaipita stesheni iliyo 88.2 au 88.4. Kisha atafute uwezo wa kusikia mawimbi dhaifu, unaoandikwa kwa alama ya dBf. Hapa tarakimu ndogo ndiyo bora: redio ya 9 husikia wimbi dhaifu kuliko redio ya 15. Uwezo wa kutenganisha stesheni huandikwa kwa dB, na huo uwe mkubwa. Karatasi isiyotaja hata kimoja, mimi binafsi singeiamini. Na kama muuzaji anakubali, ajaribu redio gari likiwa limezimwa, halafu injini ikiwashwa, halafu taa kubwa zikiwashwa, asikilize stesheni dhaifu, si ile yenye mtambo wake mtaa wa pili.

Tena redio bora yenye antena mbovu ni bure. Magari mengi ya Japani hayana fimbo ya antena. Waya wake umechorwa ndani ya kioo, na hapo pana kikuza mawimbi kidogo kinachohitaji umeme wake chenyewe. Redio ya zamani ilikipa umeme huo. Redio mpya hukipa kwa waya mmoja, mara nyingi wa buluu, na fundi asiyejua huuacha.

Juma lililopita nilikwenda na mwenzetu kwa fundi mwingine. Redio ilipotolewa, waya wa buluu ulikuwa unaning'inia nyuma, ncha yake imefungwa utepe. Fundi akauunganisha, na stesheni zikarudi. Safari hii alifika kijiji cha tatu kabla ya sauti kuchoka. Kisha akaufungua waya wa hasi, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akaukaza hapo. Kilio cha nyuki kilipungua nusu. Nusu iliyobaki, fundi alisema, imo ndani ya redio yenyewe, na kwa bei ile isingeweza kukosekana.

Kazi ya daftari: Redio inasikia kuanzia megahezi 76 mpaka 90. Mwenye gari amefunga ekspanda ya 16. Je, atasikia stesheni za kuanzia wapi mpaka wapi? Stesheni iliyo 98.4 ataitafuta kwenye tarakimu gani?